Namna ya kusoma tabasamu: mwongozo kutoka nyuma ya kamera, Dodoma

Msimu wa mahafali studio yetu hapa Makole hujaa kuanzia asubuhi. Inaingia familia: baba kavaa koti linalombana mabegani, mama na kitenge kipya, mhitimu na joho lake, mdogo wake wa kiume, na shangazi aliyeondoka Mpwapwa alfajiri kuwahi sherehe. Nawapanga, nahesabu moja, mbili, tatu, wote watano wanatabasamu. Baadaye, nikiikuza picha kwenye kompyuta ili nirekebishe mwanga, naona mambo matano. Mhitimu amefurahi, macho yamebaki mstari. Mama amefurahi na kilio kipo kooni. Baba anatabasamu kwa sababu nimemwambia atabasamu. Mdogo mtu anamcheka dada yake kwa ile kofia iliyokaa upande. Shangazi amechoka hoi, lakini hataki kuwaharibia wenzake siku.

Miaka 14 ya kazi hii imenifundisha kwamba tabasamu halipimi furaha kama kipimajoto kinavyopima homa. Tabasamu ni neno. Lina anayelisema, lina anayeambiwa, na mara nyingi lina kitu linachoomba. Ukikaa unauliza "hili ni la kweli au la uongo?" utakosea sana, maana hata la kujilazimisha lina ukweli wake: huenda linasema nakuheshimu, au niache kwanza, au naumwa ila sitaki ujue. Swali zuri zaidi ni hili: anamwambia nani, na anaomba nini? Mwongozo huu wote unazunguka swali hilo.

Uso unavyofanya kazi

Misuli miwili inatosha kuanzia. Mmoja unaanzia kwenye mfupa wa shavu na kushuka hadi kona ya mdomo. Ukikaza, kona inapanda na kurudi nyuma. Wa pili ni wa duara, umelizunguka jicho. Ukikaza, shavu linanyanyuka, ngozi ya chini ya jicho inatuna kidogo na pembeni inatokea mikunjo. Wa kwanza hutii amri yako saa yoyote. Wa pili ni mkaidi zaidi.

Aliyeieleza tofauti hiyo kwa ushahidi wa picha ni daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne. Alikuwa akigusa nyuso za watu kwa vifaa vya umeme ili ajue kila msuli unafanya nini, na aliyemsaidia sana ni mzee mmoja ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imepoteza hisia, hivyo hakuumia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1862. Miaka 10 baadaye, 1872, Charles Darwin alisimulia jinsi alivyowaonesha watu 24 picha ya mzee huyo akiwa ametabasamishwa kwa umeme. Watatu walishindwa kabisa kusema uso ule una maana gani. Waliobaki waliona ni kama tabasamu, lakini kila mmoja akalieleza kivyake, na wengine wakaona ndani yake ubaya. Picha ya mzee huyohuyo akitabasamu mwenyewe ilitambulika mara moja. Karne iliyofuata Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Marekani, akaliita tabasamu la mdomo na macho kwa jina la Duchenne.

Wengi huishia hapo. Macho yamekunjika, basi ni kweli. Hayakukunjika, basi ananidanganya. Nakusihi usiishie hapo. Tafiti za baadaye zimeonesha kwamba watu wengi wanaweza kuukaza msuli wa jicho kwa kutaka wenyewe. Nami naliona hilo kila Jumamosi kwa wasimamizi wa harusi: wakitanua mdomo sana, shavu linasukumwa juu na macho yanakunjika yenyewe, awe na furaha au asiwe nayo.

Utafiti ulionifungua macho zaidi ni wa Robert Kraut na Robert Johnston, wa mwaka 1979, huko Marekani. Waliwatazama watu wanaocheza mchezo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha pini zilizopangwa mwisho wa ukumbi. Mchezaji aliyefanya vizuri, akiwa bado amezikabili pini, alitabasamu kwa nadra. Alipogeuka kuwatazama wenzake ndipo uso ulipofunguka. Ushindi ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni kwamba sasa alikuwa na mtu wa kumwambia. Nenda uwanjani Jamhuri siku ya mechi ukawaangalie mashabiki: timu ikifunga, mtu hupiga kelele kwanza, kisha humtafuta jirani yake, na tabasamu humtoka akishampata.

Hatua ya kwanza: ujue uso wake ukiwa umetulia

Huwezi kujua mtu amebadilika kama hujui alivyokuwa. Wapo waliojaliwa kona za mdomo zinazoelekea juu, ukiwatazama unadhani wanakuchekea. Wapo wenye mwanya ambao mdomo hauzibi sawasawa. Wapo wenye uso mzito, ambao tabasamu lao zima ni kunyanyuka kidogo kwa nyusi, na hilo kwao ni sherehe.

Salamu zetu ndefu ni msaada mkubwa hapa. Habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, kazi zinaendaje, huko kwenu mvua imenyesha? Mtu akisema salamu ni kupoteza muda, simwelewi. Dakika mbili hizo ndizo unazoziona kona za mdomo wake, macho yake, na lile tabasamu la salamu analompa kila mtu. Mzee wa Kigogo aliyetoka Chamwino au Bahi, nikimwamkia "Mbukwenyi", hufungua uso kwa namna ambayo kamera yangu haiwezi kuilazimisha. Liweke kichwani tabasamu hilo la mwanzo. Mengine yote utayapima kwa hilo.

Nikiwa hapo, kuna jambo ambalo halihusu hisia lakini linaweza kuokoa maisha. Mtu unayemjua, tabasamu lake limekuwa sawa pande zote miaka yote, leo ghafla upande mmoja wa mdomo umelegea. Mwambie atabasamu tena. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, kisha aseme sentensi moja. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka au maneno yakakwama, hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usisubiri aamke kesho aone kama imepungua.

Hatua ya pili: angalia linavyoingia na linavyotoka

Tabasamu la moyoni huja kama mwanga wa alfajiri, huzidi kidogo kidogo, likafika juu, kisha likashuka taratibu na kuacha mabaki usoni. La kutakiwa huwaka kama taa ya umeme na kuzimika vivyo hivyo. Mtu ageukapo tu, uso umefunga.

Huu ndio ujuzi wa kwanza ninaowafundisha vijana wanaojifunza kazi kwangu. Nawaambia: usibonyeze kwenye "tatu". Subiri. Watu wakishasikia "tatu" hushusha pumzi, hutazamana, hucheka kwamba zoezi limekwisha. Hapo ndipo ubonyeze. Katika maisha ya kawaida fanya hivyohivyo: usimsome mtu anapokupa tabasamu, msome sekunde moja baada ya hapo. Umemwambia jirani kwamba mwanao kapata kazi, amesema "hongera sana" kwa meno yote. Vizuri. Anapokifunga kinywa chake, kinabaki nini usoni? Ukunjufu unaobaki ni wake mwenyewe. Uso ukianguka, huenda kuna jambo, ingawa si lazima liwe wivu. Huenda amemkumbuka wake aliye nyumbani miaka miwili na cheti mkononi.

Hatua ya tatu: fuata macho yanakoelekea

Hapa ndipo lile swali la "anamwambia nani" linapojibika. Kijana akikemewa na bosi mbele ya wafanyakazi wenzake, anatabasamu. Bosi anachukia: "Unanicheka?" Lakini ukifuata macho yake utaona yanatazama sakafu, au yanaruka kwa wenzake kuwaomba wasimwone vibaya. Hamcheki bosi hata kidogo. Anaomba yaishe.

Mtu akimtazama anayempa tabasamu, ujumbe ni wa huyo. Akimtazama mwingine, wewe ni sababu tu, na mwenye ujumbe ni yule pembeni: ndivyo wanavyofanya watu wawili wanaokusengenya ukiwa umesimama mbele yao. Macho yakitazama chini, mara nyingi ni haya au heshima. Yakitazama mbali, pasipo na kitu, yupo kwenye kumbukumbu, na usimkimbize.

Pande mbili za mdomo pia zina habari. Kona moja ikipanda peke yake, huku kidevu kimenyanyuka na mtu anakutazama kutokea juu, hiyo ni kebehi na huhitaji mwalimu kuitambua. Ikifuatiwa na kubetua mdomo au msonyo, jibu lako ni kuondoka.

Hatua ya nne: usilazimishe meno

Nitakaa hapa kidogo.

Mwaka wangu wa tatu kazini tulialikwa kwenye shule moja upande wa Manyoni kupiga picha za watoto wanaomaliza darasa la saba. Akaja msichana mmoja, mrefu, kasimama vizuri, macho yanang'aa, midomo imefungwa. Nikamwambia, "Cheka vizuri mwanangu, onesha meno." Akaibana zaidi. Nikarudia kwa sauti, nikidhani namsaidia. Wenzake kwenye foleni wakaanza kuangua kicheko. Akainua kiganja akaziba mdomo, na macho yakajaa machozi ilhali mashavu bado yamepanda juu, bado anatabasamu. Mwalimu wake akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Muache. Ni meno."

Maji ya visima katika sehemu nyingi za Singida, sawa na ilivyo Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi kiwango wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya, hutoka na madoa ya kahawia. Madoa hayo si uchafu, na hayaondoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Watu wazima wengi wa kanda hii wamejifunza tangu utoto kutabasamu kwa midomo iliyofungwa au kwa mkono mdomoni, na mgeni aliyetoka kwenye maji mengine anawaona wakavu, wanaringa, hawana bashasha. Hawaringi. Walichekwa wakiwa wadogo.

Yule msichana nilimwomba radhi palepale, lakini neno lilishatoka mbele ya darasa zima, na bado linaniuma. Tangu siku ile simwambii mtu aoneshe meno. Namwambia, "Nitazame kama unavyomtazama rafiki yako." Macho yakifunguka, midomo hujiamulia yenyewe. Nawe katika kusoma watu fanya hivyo: kabla hujaamua kwamba mtu aliyeziba mdomo anaficha jambo, fikiria kwamba huenda anaficha jino. Pengo, ugonjwa wa fizi, jino lililovunjika kwa ajali ya pikipiki. Msome kwa macho na mashavu, uache mdomo upumzike.

Maana zenyewe

Mwanasaikolojia Paula Niedenthal na wenzake wamezigawa kazi za tabasamu katika makundi matatu: la kupongeza na kufurahia, la kujenga ukaribu, na la kujiweka juu ya mwenzako. Ni ramani nzuri. Ila ukiishi na watu, kila kundi lina vyumba vingi, na vingine ni muhimu kuliko vingine.

La haya na heshima. Mkwe wa kike anapopita mbele ya baba mkwe, anainamisha kichwa, anatabasamu kidogo, anapita. Bibi harusi kwenye sherehe ya kuagwa kwao hutulia, hatoi meno, na wageni kutoka mbali huniuliza kama anaolewa kwa nguvu. Kwa familia nyingi kutulia huko ndiyo adabu ya siku hiyo. Binti anaaga kwao, hatarajiwi kuchekelea. Nikitaka kujua kama ana furaha, naangalia anapokaa na mashoga zake chumbani wakati wa kupambwa, kabla hajatoka mbele za watu.

La kujihami. Hili naomba wanaume wenzangu walisome mara mbili. Binti anauza zabibu kituo cha mabasi Nanenane. Abiria mwanaume anamshika mkono, anamwambia maneno, anaomba namba. Binti anatabasamu. Mwanaume anaondoka akiamini kakubaliwa, na kesho akikataliwa anasema, "Mbona jana ulikuwa unacheka?" Nimesikia maneno hayohayo yakisemwa maofisini, vyuoni, kwenye bajaji. Tuna mazoea mabaya ya kusema kimya ni kukubali, na tumeliingiza tabasamu kwenye hesabu hiyo. Binti anatabasamu kwa sababu akikasirika atatukanwa, atapoteza mteja, au atafuatwa usiku akirudi nyumbani. Anamwambia: usinidhuru.

Dalili zake zinaonekana kwa yeyote anayetaka kuona. Tazama chini ya kidevu. Mabega yamepanda. Kikapu au mkoba umehamia mbele ya tumbo. Mguu mmoja umerudi nyuma, na kiwiliwili kinaelekea mlangoni au kwa watu wengine. Kicheko ni kifupi, cha juu juu, kinakuja kila baada ya sentensi yako hata ulipokuwa hujasema la kuchekesha. Macho yanatafuta mtu. Ukiona mawili kati ya haya, rudi nyuma hatua moja, punguza sauti, mpe nafasi ya kuondoka, na usirudie ombi lako. Na kama wewe ni mpita njia, sogea umsalimie binti kama unayemjua: "Dada, nilikuwa nakutafuta, zile zabibu za jana zipo?" Hiyo tu inatosha kumtoa.

La kukataa kwa upole. Watu wetu hawapendi kumwambia mtu "hapana" usoni, hasa mgeni au mkubwa. Unamwomba fundi akumalizie mlango kufikia Ijumaa. Anatabasamu: "Tutaona, Mungu akipenda." Unamwomba ndugu mkopo. Anatabasamu: "Ngoja nijipange, nitakujulisha." Tabasamu hilo ni fupi, midomo imebanwa, na kichwa huenda kikainama upande. Ni la huruma, linakusitiri wewe usiaibike na linamsitiri yeye asiwe mbaya. Tangu shughuli za serikali zilipohamia Dodoma, tunapokea watu wengi kutoka mikoa yote, na wapo wanaolalamika kwamba watu wa hapa hawana msimamo. Mimi naona hawajasikia walichoambiwa. Kama huna hakika, omba kitu kidogo chenye saa: "Basi nipitie kesho saa nne, nije na bawaba?" Anayekubali kweli atataja saa yake mwenyewe. Anayekataa atarudia tabasamu lilelile bila saa. Hapo shukuru, tafuta fundi mwingine, na msichukiane.

La maumivu. Mama mmoja alikuja kuchapisha picha ya mwanawe kwa ajili ya msiba. Alikuwa anatabasamu tangu mlangoni. Alinieleza alivyokuwa mcheshi, alivyopenda mlenda kuliko nyama, na muda wote kona za mdomo zilikuwa juu. Kijana wangu wa kazi, mgeni bado, akadhani amekwishazoea, akaanza kumchangamsha. Nikamkanyaga mguu. Nyusi zake zilikuwa zimekutana katikati na kunyanyuka kwa ndani, kama paa la nyumba, na kidevu kilikuwa kinatetemeka. Mdomo unaweza kujishikilia. Nyusi ni vigumu. Ukiona nyusi hizo juu ya tabasamu, usijibu kwa kicheko. Punguza mwendo, vuta kiti, sema "pole sana mama", kisha nyamaza. Alikaa dakika kumi bila kusema. Hakuhitaji zaidi.

Usichanganye hilo na utani. Mtani akifika msibani, Mhehe kwa Mgogo, akaanza kudai mali ya marehemu na wafiwa wakacheka huku wanalia, kicheko kile ni kazi yake ya jadi, kinatua mzigo. Aliyeruhusiwa kukitoa ni mtani. Wewe usiye mtani usijaribu.

La biashara. Mhudumu wa hoteli, karani wa benki, mwuzaji wa Sabasaba anayekuita "mteja wangu" kabla hujamjua: tabasamu ni sehemu ya kazi yao kama sare ilivyo. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege na uchovu wa kutakiwa kutabasamu siku nzima. Lipokee, lijibu, usilidai zaidi ya hapo. Mtu aliyesimama saa nane anastahili "asante" yenye jina lake ikiwa limeandikwa kifuani. Kwenye kupatana bei, tazama mpangilio: akitabasamu kabla ya kutaja bei, anakukaribisha, akitaja bei kisha akatabasamu na kunyamaza, bado ipo nafasi, akiacha kutabasamu na kuanza kupanga bidhaa zake, umefika chini, usimkere.

La mtoto mchanga. Wiki za kwanza akitabasamu usingizini tunasema anacheka na malaika, na mama asihuzunike kwamba halimhusu. Karibu na wiki ya 6 hadi ya 8 huanza kumtazama mtu na kumjibu kwa tabasamu. Akipita miezi mitatu hajibu kabisa uso wa mlezi wake, mtaje kliniki.

La kwenye simu. Tabasamu husikika, kwa kuwa midomo ikivutika sauti hung'aa kidogo. Mpigie mama yako Kondoa, mwambie unakwenda wikiendi, usikilize. Vikatuni vya nyuso za kucheka kwenye ujumbe ni hafifu kwa kulinganisha. Ugomvi mwingi ninaousikia umeanzia kwenye kile kiuso kinachotabasamu bila macho kubadilika, ambacho mtumaji alikituma kwa wema na mpokeaji akakiona kebehi. Jambo zito lipigie simu.

Hatua ya mwisho: uliza

Hata ukizijua hatua hizi zote, utakosea. Moyo wa mtu ni msitu, na uso ni njia ya kuingilia tu. Kwa hiyo ukishasoma, hakiki kwa maneno, kwa sauti ya chini, ukimwachia mtu nafasi ya kukataa bila aibu. "Naona kama kuna jambo, au nimeona vibaya?" "Ungependa tuendelee au tupumzike?" Kwa mzee: "Mzee wangu, niambie tu, mimi ni mwanao." Usiulize mbele za watu, na ukijibiwa "hamna kitu" mara ya pili, liache.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Ihumwa alikuja kuchukua picha yake. Nilimpiga akiwa amekaa, na fimbo yake magotini. Nikamkabidhi. Akaitazama kwa muda mrefu, akatabasamu kidogo, midomo imefungwa, macho hayakubanduka kwenye karatasi, kisha akasema, "Sawa mwanangu." Kwa hesabu zangu zote lile lilikuwa tabasamu la kukataa kwa upole. Nikaona hajaridhika na ananionea haya. Nikazunguka meza nikakaa karibu naye.

"Babu, kama haikukupendeza niambie. Narudia bila malipo."

Akatikisa kichwa, bado anaitazama. "Picha ni nzuri. Ni kwamba nimemwona kaka yangu humu. Sikujua kama nimefanana naye kiasi hiki."

Akapitisha kidole gumba juu ya paji la uso pale kwenye karatasi, akaniuliza kama naweza kumchapishia ya pili, ampelekee shemeji yake.